Kuruka Mchana: Habari za Rubani Aliyeshuka ili Afundishe

Watu wa pwani wakisikia jina la Sumbawanga hucheka. Hutania kwamba huko Ufipa watu hawana haja ya kiwanja cha ndege, kwa kuwa kila mzee anao ungo wake, na usiku mmoja humtosha kwenda Dar es Salaam na kurudi kabla jogoo hajawika. Utani huo umezoeleka mabasini, sokoni na maofisini, na Wafipa wenyewe, kwa ungwana wao, huuitikia kwa kicheko. Sisi hatupendi kuwa wakali mbele ya utani. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba katika nchi yetu wako wazee, na hasa akina mama wakongwe, waliopoteza maisha yao kwa sababu jirani aliyasadiki maneno ya namna hiyo. Tena yafaa ikumbukwe kwamba jina lenyewe la mji, kama wenyeji wanavyolieleza, maana yake ni "tupa uchawi". Mji uliopewa jina la kuukataa uchawi ndio uliosingiziwa uchawi kuliko miji mingine yote.

Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya kuruka. Si kuruka usiku kwa ungo, bali kuruka mchana kwa ndege, mbele ya macho ya watu wote. Twaona kwamba tofauti ya mambo hayo mawili si chombo tu. Mchawi, kama yupo, ni mtu anayedai kuwa na elimu ambayo hamwonyeshi mwenziwe. Akifa, elimu hiyo huzikwa pamoja naye. Fundi wa kweli ni kinyume chake: elimu yake huweza kuandikwa ubaoni, kupimwa, kukosolewa na kurithiwa na mtoto asiye wa ukoo wake. Kwa hiyo twasema kwamba rubani hodari anayeficha ujuzi wake hajaachana sana na yule mwenye ungo, na kwamba rubani anayeshuka kutoka angani akashika chaki amefanya jambo kubwa kuliko safari zake zote.

Hewa nyepesi ya Ufipa

Msomaji aliyefika Sumbawanga anajua baridi yake. Mji huo uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, katika uwanda wa Ufipa ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Ni nchi ya mahindi, maharage, ulezi na ng'ombe. Nchi ya upepo na nyasi fupi, ambapo macho huona mbali. Mtu angefikiri kwamba hapana mahali pazuri kuliko hapo pa kurushia ndege. Uwanda ni wazi, na miti mirefu ni michache.

Lakini mambo hayako hivyo. Hewa ya Ufipa ni nyepesi. Ukichukua debe la hewa ya Sumbawanga na debe la hewa ya Dar es Salaam ukayalinganisha, hewa ya Sumbawanga ina upungufu wa karibu sehemu moja katika sita. Basi bawa la ndege hubebwa na hewa inayolipita kwa kasi. Hewa ikiwa nyepesi, bawa lina kidogo cha kulibeba. Injini nayo huvuta hewa ili ichome mafuta. Hewa ikipungua, nguvu hupungua. Jua la mchana likiwaka, hewa huzidi kuwa nyepesi. Kwa sababu hiyo ndege ile ile, yenye mzigo ule ule, huhitaji kukimbia mbali zaidi Sumbawanga kuliko Dar es Salaam kabla haijaiacha ardhi. Rubani asiyejua hesabu hiyo huweza kufika mwisho wa kiwanja akiwa bado chini.

Hakuna mtu anayezaliwa na hesabu hiyo. Ilijulikana kwa ajali na kwa vipimo, ikaandikwa, ikafundishwa. Nyuma ya kila ndege inayotua salama kwenye nchi ya juu yuko mwalimu ambaye abiria hawamwoni.

Iko nchi nyingine ya Afrika Mashariki iliyo juu hata kuliko Ufipa, na huko ndiko aliko mtu ambaye twapenda habari zake zijulikane. Nchi hiyo ni Ethiopia, na mji wake mkuu, Addis Ababa, uko zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Mtu huyo ni Kanali John C. Robinson, ambaye magazeti ya Marekani yalimwita "Tai wa Kahawia".

Mfagiaji aliyesikiliza

Robinson alikuwa Mmarekani Mweusi, mtoto wa kusini, aliyekulia Gulfport katika jimbo la Mississippi. Alisoma ufundi wa magari katika Taasisi ya Tuskegee, ile iliyoanzishwa na Booker T. Washington, kisha akaenda Chicago kufanya kazi ya umakanika. Moyo wake ulikuwa angani, lakini wakati huo shule za urubani za Marekani zilifungwa mbele ya mtu mweusi. Katika mji wa Chicago ilikuwako shule ya ndege ya kampuni ya Curtiss-Wright. Robinson na rafiki yake, fundi Cornelius Coffey, waliomba nafasi. Walipoonekana rangi yao, wakakataliwa.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Lakini hawa waliambiwa wazi, na hawakutoka. Inasimuliwa kwamba Robinson alikubali kazi ya kufagia katika shule ile ile. Alifagia taratibu karibu na mlango wa darasa, akasikiliza. Na walimu walipokwenda zao alinakili yaliyobaki ubaoni. Yeye na wenzake wakaunda ndege ndogo kwa mikono yao, wakaifunga injini ya pikipiki. Hatimaye mwajiri wao alipotishia kuipeleka shule hiyo mahakamani, milango ikafunguliwa. Walihitimu, na punde si punde wenye shule wale wale wakawataka wawafundishe wanafunzi weusi wengine.

Ndugu wasomaji, tusilipite jambo hili upesi. Watu hawa walipokwisha kupata kile walichonyimwa, wangeweza kukikalia. Wangeweza kusema: "Sisi tulifagia, nanyi mkafagie." Badala yake wakaunda chama cha marubani weusi, wakatengeneza kiwanja chao wenyewe katika kijiji cha Robbins, nje ya Chicago, kwa kuwa viwanja vingine havikuwataka. Dhoruba ilipokiharibu kiwanja hicho mwaka 1933 walihamia kingine, wakaendelea. Mwaka 1934 Robinson alirudi Tuskegee kwa ndege, miaka 10 baada ya kumaliza masomo yake, na neno alilowapelekea wakuu wa chuo lilikuwa moja: fungueni shule ya urubani. Chuo hakikuwa na fedha wakati huo. Lakini mbegu ilikwisha kupandwa.

Kanali na ndege zake chache

Mwaka 1935 ilijulikana dunia nzima kwamba Mussolini alikusudia kuivamia Ethiopia. Melaku Bayen, jamaa wa Mfalme Haile Selassie aliyekuwa akisomea udaktari Marekani, alimwomba Robinson aende kusaidia. Robinson aliiacha kazi yake akaenda, na katika mwaka huo huo akawekwa kuwa mkuu wa jeshi la anga la Ethiopia, na cheo cha Kanali.

Jeshi lenyewe lilikuwa dogo mno. Ndege zote hazikufika 25, nyingi zilikuwa kuukuu, na nyingi hazikuwa na silaha hata moja. Waitaliani walikuwa na mamia. Tarehe 3 Oktoba 1935, mabomu yalipoanza kuanguka Adwa, Robinson alikuwapo akayaona. Tangu siku hiyo mpaka masika ya mwaka 1936 aliruka juu ya milima ile, katika hewa nyepesi isiyozisaidia injini zake zilizochoka, akipeleka barua za mfalme kwa majemadari, akibeba dawa na kumbeba mfalme mwenyewe. Hakuwa na bunduki za kupigania. Kinga yake ilikuwa mawingu na mabonde. Waitaliani waliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936. Robinson alikuwa amekwisha kuondoka, na alipofika New York na Chicago alipokewa na maelfu ya watu waliojaa barabarani.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha habari yetu. Mtu aliyetoka vitani na sifa za namna hiyo ana njia nyingi mbele yake. Anaweza kuishi kwa kusimulia ushujaa. Anaweza kutafuta cheo. Robinson alifungua shule ya urubani Chicago, yenye jina lake. Vita vikuu vya pili vilipokuja, jeshi la Marekani lilimweka kazi ya kuwafundisha mafundi wa ndege. Na mwaka 1944, Ethiopia ilipokuwa imekwisha kukombolewa, alirudi tena Addis Ababa pamoja na kikundi cha marubani na mafundi weusi, safari hii si kwa kupigana bali kuwafundisha vijana wa Kiethiopia kuruka na kutengeneza ndege. Nchi aliyoitumikia kama askari aliitumikia sasa kama mwalimu.

Mwisho wake ulifanana na maisha yake. Mwezi Machi 1954 alipokuwa akisafirisha damu kwa ajili ya majeruhi, ndege yake ndogo ilianguka Addis Ababa. Alifariki dunia tarehe 27 Machi, akazikwa katika ardhi ya Afrika.

Kasoro ya shule ya mtu mmoja

Hatutaki kumfanya Robinson malaika. Katika miaka ile ya baada ya vita Ethiopia iliwaita Waswidi wajenge jeshi lake jipya la anga, na mkuu wao alikuwa Carl Gustaf von Rosen, rubani mashuhuri naye. Wanaume hao wawili hawakupatana. Ugomvi wao ulikuwa mkali, na Robinson akaondoka katika kazi hiyo. Nayo shule yake ya Chicago, iliyosimama kwa jina lake na nguvu zake, haikudumu sana. Msingi wa shule ukiwa ni mtu mmoja, mtu huyo akisafiri, akiugua au akigombana, shule nayo huyumba.

Linganisheni na ile mbegu ya Tuskegee. Mwaka 1941 chuo hicho kilianza kuwafundisha marubani weusi wa jeshi la Marekani, na mpaka mwaka 1946 walihitimu 992. Si Robinson aliyewafundisha. Lakini kile alichokiomba mwaka 1934 kilipata majengo, vitabu, fedha na walimu wengi, na kwa hiyo hakikutegemea afya wala hasira ya mtu mmoja.

Miongoni mwa marubani hao alikuwako Roscoe C. Brown, aliyeidungua ndege ya Kijerumani ya aina ya jeti mwezi Machi 1945. Huyu naye vita vilipokwisha alikwenda darasani. Alipata shahada ya udaktari wa falsafa, akawa profesa, na kuanzia mwaka 1977 mpaka 1993 aliongoza Chuo cha Jamii cha Bronx mjini New York, chuo ambacho wengi wa wanafunzi wake ni watoto wa wafanyakazi na watu wazima wanaosoma huku wakifanya kazi. Miaka 16 ya kupanga ratiba, kutafuta fedha, kuajiri walimu na kuwasikiliza wanafunzi haina nishani. Lakini sisi twaona kwamba ile ya kwanza ilikuwa kazi ya dakika chache angani, na hii ya pili ndiyo iliyokuwa vita virefu.

Usisafirie nyota ya mwenzio

Je, sisi katika Tanzania tumejifunza nini? Historia yetu wenyewe inatufundisha, tukitaka kuisoma. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, jeshi jipya la wananchi liliundwa, na Ujerumani ya Magharibi ikakubali kusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Mwanzoni mwa mwaka 1965 ukazuka mzozo juu ya uhusiano wetu na Ujerumani ya Mashariki, na walimu wale wakaondolewa. Canada ikachukua nafasi yao mwaka huo huo, ikaleta ndege na wakufunzi, mpaka mwaka 1970. Kisha wakaja Wachina. Wote hao walitufaa, wala hatusahau wema wao. Lakini wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio. Mwalimu wa kuazima huondoka siku ambayo serikali yake imekasirika, na anapoondoka huondoka na daftari lake.

Upande wa ndege za raia, nchi tatu za Afrika Mashariki zilikuwa na shule ya pamoja ya urubani Soroti, katika Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1971. Vijana wa Kitanzania walisoma huko. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shule ilibaki ilipo, nasi tukabaki tulipo. Nairobi nako kulikuwa na shule ya mambo ya anga tangu mwaka 1954. Hiyo nayo ilibaki Kenya. Kwa miaka mingi baadaye kijana wa Tanzania aliyetaka kuwa rubani ilimlazimu kwenda ng'ambo, na gharama yake haikuwa ya mtoto wa mkulima. Wakati huo huo Ethiopia, nchi ambayo Robinson alikuta ndege zisizofika 25, iliendelea kufundisha bila kukoma, na leo vijana wa nchi nyingi za Afrika huenda Addis Ababa kujifunza urubani na ufundi wa ndege katika chuo cha shirika lake.

Sasa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1975, kimepanua mafundisho yake kutoka barabarani mpaka angani. Hili ni jambo la kushangilia. Lakini chuo si kuta, wala si ndege za mafunzo zinazong'aa uwanjani. Chuo ni walimu. Na mwalimu wa urubani hapatikani dukani. Hupatikana kwa kumshawishi mtu mwenye maelfu ya saa angani, ambaye akiendelea kuruka hupata mshahara mnono, ashuke akae na vijana wasiojua kutofautisha mkia na bawa.

Matanuru yaliyopoa

Mtu anaweza kutuuliza: haya yahusu nini Ufipa? Twamjibu kwa kumpeleka shambani. Katika uwanda huo, katikati ya mashamba na nyasi, yapo mpaka leo mabaki ya matanuru marefu ya udongo yanayoitwa malungu. Wafipa walikuwa wafua chuma hodari. Tanuru moja liliweza kufikia mita tatu kwenda juu, yaani karibu mara mbili ya kimo cha mtu. Lilijazwa mawe ya chuma na makaa, na kuzunguka chini yake yalipangwa mabomba ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe, bila mivukuto, kwa nguvu ya moto uliopanda. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, kisha kikafuliwa kuwa jembe. Majembe ya Ufipa yalilima, yalioa, na yalisafiri katika biashara mpaka nchi za jirani.

Msomaji atazame ajabu hii. Watu waliojua kuuvuta upepo kwa kimo cha tanuru walikuwa wakiichezea elimu ile ile ya hewa na joto ambayo leo hufundishwa katika darasa la injini. Hawakuwa wajinga. Lakini kazi hiyo ilizungukwa na siri. Mwenye tanuru alikuwa na dawa zake na miiko yake, na waliojua yote walikuwa wachache. Majembe ya kiwandani yalipoingia kwa bei rahisi katika zama za ukoloni, moto ulizimika. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kazi hiyo ilikwisha kukoma, na wazee walipokufa mmoja mmoja, wengi walikwenda na elimu yao. Baadaye wataalamu walipotaka kujua jinsi ilivyofanyika, iliwabidi wawatafute wazee wachache waliosalia, wakawaomba wakumbuke.

Hatusemi kwamba shule ingeyashinda majembe ya kiwandani. Yamkini isingeyashinda. Lakini ingewezekana mjukuu wa mfua chuma awe leo mhandisi wa chuma, akianza pale alipoishia babu yake badala ya kuanza upya. Malungu yale yaliyopoa ndiyo picha ya jambo tunalolisema tangu mwanzo: ujuzi usio na darasa huishi umri wa mtu mmoja.

Je, mkulima ana haja gani na rubani?

Iko hoja nyingine, nayo ni ya haki. Mkulima wa Laela au Matai atasema: "Mimi nataka mbolea na bei nzuri ya mahindi. Mambo ya marubani ni ya watu wa mjini." Twamheshimu ndugu huyo, na twamwomba akumbuke nzige.

Bonde la Rukwa, lililo chini ya uwanda wa Ufipa, ni mojawapo ya mahali ambapo nzige wekundu huzaliana. Katika miaka ya 1930 mpaka 1944 nzige hao walienea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Ikweta, wakala mimea ya mataifa. Ndipo nchi zinazohusika zikaunda mwaka 1949 shirika la pamoja la kuwazuia nzige wekundu, na makao yake yakawekwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, katika Zambia, ng'ambo kidogo ya mpaka wetu. Kutoka huko ndege zilikwenda juu ya mbuga za Rukwa kuwatafuta nzige na kuwanyunyizia dawa kabla hawajaenea mbali. Mwaka 2009 nzige walipojaa tena katika mbuga za Iku, Katavi, walishindwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, ambayo huwaua nzige na kuviacha salama viumbe wengine wengi. Mkulima aliyevuna mahindi yake mwaka huo huenda hakumjua rubani hata mmoja. Lakini mahindi yake yalijua.

Tena kuna mgonjwa. Kutoka Sumbawanga mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 220, na Mbeya iko mbele zaidi. Lami imeirahisisha njia hiyo, na hilo ni jema. Lakini yuko mgonjwa asiyeweza kuingoja hata lami. Kiwanja cha ndege cha Sumbawanga, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa cha changarawe, kilingojewa miaka mingi kipate lami. Sisi tunauliza: kiwanja kikiwa tayari, nani atakayeiongoza ndege kutoka mnarani? Nani atakayeifungua injini yake? Nani atakayepima mvua na upepo? Tukijibu kwamba watatoka mbali, basi tumejenga mlango katika nyumba ambayo ufunguo wake anao jirani.

Na ujuzi huu haukai uwanjani peke yake. Robinson alianza na magari. Kijana anayejua kwa nini injini ya ndege hukosa nguvu Sumbawanga atajua pia kwa nini trekta na mashine ya kusaga hukosa nguvu hapo hapo, na la kufanya.

Neno letu

Basi twasema mambo matatu.

La kwanza ni kwa askari wa anga, mafundi na marubani wanaostaafu. Ndugu zetu, taifa lilitumia fedha za mkulima kuwapandisha juu. Msishuke mkakaa barazani kusimulia tu. Yuko mtu mwenye uwezo wa kufundisha kozi nzima. Yuko mwenye uwezo wa kufika shule moja ya sekondari mara moja kwa mwezi na injini mbovu iliyofunguliwa mezani. Wote wawili wanahitajiwa.

La pili ni kwa wenye mamlaka ya vyuo. Msimtake rubani aje kufundisha kwa heshima peke yake. Mpeni mshahara unaolingana na ujuzi wake, mpeni nafasi ya kusoma ualimu wenyewe, kwa maana kujua kuruka si kujua kufundisha, na mkimwona anaweza kuongoza, mpeni kuongoza. Lakini msiifanye shule iwe yake. Andikeni mitaala, wekeni walimu wawili pale alipo mmoja, ili siku atakapoondoka kengele ilie kama kawaida. Mkoa wa Rukwa sasa una tawi la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya. Kwa nini elimu ya hewa nyepesi, ya injini na ya hali ya hewa isifundishwe kwa mifano ya uwanda wenyewe, pale pale ambapo mwanafunzi akitoka nje anaisikia mapafuni mwake?

La tatu ni kwa wazazi wa Ufipa. Mtoto wenu wa kike au wa kiume akisema anataka kuruka, msimcheke, wala msimwogope. Mnunulieni kitabu cha hesabu. Robinson alipata elimu yake akiwa na ufagio mkononi, nje ya mlango uliofungwa. Watoto wenu wasifagie. Mlango wao na uwe wazi.

Siku itafika ambapo mtu wa pwani atatania kama ilivyo desturi, aseme kwamba watu wa Sumbawanga huruka. Na binti wa Kifipa, aliyevaa sare ya rubani au ovaroli ya fundi, atamjibu: "Naam, twaruka. Twaruka mchana, na atakaye kujua jinsi tunavyoruka na aje darasani, tutamfundisha." Siku hiyo jina la mji litakuwa limetimia.